Arobaini

Chai baadaye, Mbonde. Shika tochi.
Ingiza kidole silinda ya tatu,
pandisha polepole mpaka karibu na mdomo.
Umeisikia ngazi?
Hapo ndipo ringi ilipokuwa ikigeuzia, miaka yote ile:
korosho za Mkuranga, mkaa wa Kibiti,
na maiti mmoja, Muhimbili mpaka Utete, usiku wa masika.

Landrova hii ilikuja stendadi.
Ishirini aliipiga fundi Jagjit kabla hajahamia Tanga.
Arobaini niliipiga mimi, kwa mashine hiihii,
babako amekaa hapo kwenye kreti, anahesabu tasbihi
na kuniuliza kila dakika kama nimemaliza.
Tazama kichwa cha pistoni, futa masizi:
sufuri, nne, sufuri.

Leo unataka sitini.

Unasema ni kitu gani, thau kumi kila upande,
karatasi mbili na nusu za daftari.
Sawa. Hesabu yako haina kosa.
Ila mimi nauliza daftari lenyewe
limebaki na kurasa ngapi.

Chuma hiki kilimiminwa kama uji
ndani ya kalibu ya mchanga, huko kilikozaliwa,
na siku hiyo, nani ajuaye, mchanga wa katikati ulisogea
kidogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini.
Ukuta ukatoka mnene huku,
na kule kaka la yai.
Kwa ndani huoni. Kwa ndani yote inang'aa.

Nyuma ya ukuta ni maji.
Na maji ya kwenu Mbagala nayajua,
ya kisima, sabuni haitoi povu.
Miaka kumi na moja mmeinywesha chumvi.
Jana nimeng'oa vizibo vya ubavuni,
nikapitisha spoku ya baiskeli niliyoikunja ncha:
imetoka tope, halafu magamba,
halafu magamba tena.

Gonga ya kwanza. Inalia.
Gonga ya tatu.
Du.
Gonga tena kama huniamini.

Mwaka mmoja nilimsikiliza mteja.
Bedford, fedha taslimu, ana haraka ya msimu.
Kisu kikashuka na wimbo wake mmoja, mwembamba,
kikafika nusu, kikameza mate.
Nikazima swichi.
Tone la maji ya kutu likachungulia ukutani,
likakaa palepale, halikuteremka.
Hakuna aliyesema neno.
Hamduni alitoka kwenda kununua sigara,
na Hamduni havuti.

Slivu ipo, ndiyo. Tunakata, tunapachika ganda jipya,
injini inarudi stendadi kama haikuwahi kutembea.
Bei yake nimekuandikia nyuma ya risiti.
Usiniangalie hivyo. Hata nami nimeiona.

Najua arobaini ya mzee ilisomwa Ijumaa.
Najua kaka zako wanataka gari ingurume
mnunuzi asikie, mgawane, kila mtu ashike njia.
Lakini ninyi ni watu wa kupunguza, Mbonde.
Kiwanja mlikata kipande kwa ada,
kipande kwa dawa za figo,
kipande sijui kwa nini, labda hata ninyi hamkumbuki,
na leo ukuta wa jirani unapita
chini ya dirisha la mama yenu,
akitaka upepo anafungua mlango.

Sikukutukana. Nazungumzia bloki.

Nikiipiga sitini itawaka. Hilo nakuapia.
Itawaka, itapanda Kongowe bila moshi,
mnunuzi atatabasamu.
Kisha siku moja asubuhi, labda huko Nyamwage,
atachomoa kijiti cha oili
akute rangi ya chai ya maziwa.
Na atauliza nani aliichonga.

Basi umeme nao huo, umekwenda.
Kaa. Sasa lete hiyo chai.
Na zile pistoni ulizonunua Kariakoo, za sitini,
usizitoe kwenye nailoni.
Zikishashikwa na mkono wenye oili
yule bwana hazipokei.